Muadhini na Pasi ya Gunia

Kila nikijaribu kumweleza Muadhini kwa mtu asiyemjua, najikuta nimejipinga mwenyewe kabla sijamaliza. Nikisema alikuwa mtu wa mbwa, nimesema uongo, maana hakuwahi kufuga mbwa na hakupenda hata kumtaja mbwa kwa jina lake. Nikisema aliwachukia, huo nao ni uongo mkubwa kuliko wa kwanza. Hapa kwetu Waa hakuna mtu aliyetoa kupe wengi masikioni mwa mbwa kama yeye. Alikuwa na neno lake alilopenda kulisema akiwa ameinama, miwani imemshuka puani, kibano mkononi: "Mie na mbwa hatuna ujamaa." Akishasema hivyo, anatoa kupe mwingine.

Jambo la pili lililomtambulisha ni kanzu. Nilipohamia mtaa huu kanzu yake ilikuwa imenyooka kuliko ya mtu yeyote, mstari wa mkono umesimama kama umepigwa rula. Halafu siku moja tu, bila kutuandaa, akawa mtu wa kanzu iliyokunjamana. Haikuwa chafu. Ilikuwa nyeupe, imefuliwa, inanukia sabuni, lakini ungedhani imetoka kinywani mwa ng'ombe. Mkewe alikuwa amefariki si muda mrefu, kwa hiyo watu wakasema ni ujane. Mimi ni fundi cherehani, nguo iliyokunjamana inanikera mpaka kwenye meno, nikamtania mara nyingi.

"Muadhini, kanzu hiyo umeilalia au imekulalia?"

"Mola hatazami kanzu, mwanangu."

"Lakini sisi tunatazama."

"Basi tazameni."

Sisi si Waislamu. Mama alitoka upande wa Kinango, kwa watu wa mbuzi na ng'ombe, na kwao boma lisilo na mbwa ni boma lililoachwa wazi. Macho yake yalipoanza kufifia nikamchukua nikae naye hapa, mimi nikishona kibarazani, yeye akikaa ndani karibu na mlango. Kabla hatujawa na mbwa, mchana mmoja nikiwa sokoni Kombani, mtu aliingia, akasimama mbele ya Mama kimya kabisa, akachukua redio akaondoka. Mama alisikia pumzi zake tu. Tangu siku hiyo nikitoka alikuwa anajifungia kwa komeo, madirisha yote, katika joto lile, na nikirudi namkuta ameloa jasho.

Ndipo ndugu zake wakamletea mbwa, Askari, ndani ya kikapu, akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kiatu. Alipokua, yeye ndiye akawa anamwambia Mama nani amefika. Muuza maji alikuwa na mbweko wake, watoto wa jirani wao, mimi wangu. Mgeni alibwekewa kwa sauti nzito isiyokatika, na Mama akawa anasema bila kuinuka, "Mgeni huyo, nenda katazame." Mlango ukaanza kukaa wazi. Nikaweza kwenda kununua vitambaa bila roho kunidunda.

Taabu ilikuwa moja. Msikiti uko nyuma ya nyumba chache tu, na kila alfajiri Muadhini akivuta sauti, Askari naye alivuta yake. Wengine walicheka. Wengine walisema mbwa anaona shetani, na wengine wakasema ni kejeli, na kwamba sisi ndio tuliomfundisha. Nilijaribu kumfungia jikoni, akalia kwa nguvu zaidi. Nikawa naishi nikiisubiri siku ambayo Muadhini mwenyewe angekuja kulalamika, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi.

Akaja baada ya alasiri moja, akasimama langoni akikohoa.

"Hodi."

"Karibu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na yule?" Akaelekeza kidevu upande wa Askari.

Nikaanza kumwaga maneno yangu. Tusamehe, Muadhini, tutamhamishia nyuma, tutamtafutia mahali mbali. Akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Mbona siku hizi hasikiki?"

Sikumwelewa. Nikamtazama.

"Naadhini peke yangu," akasema, na mara akawa kama mtu aliyejisikia amesema vibaya. "Si kwamba namhitaji. Mie na mbwa hatuna ujamaa. Lakini mnyama wa kelele vile kunyamaza ghafla, hainiingii akilini. Nimekuja kutazama."

Kusema kweli Askari alikuwa anatuponyoka. Manyoya yalikuwa yamemtoka masikioni na kwenye viwiko vya miguu, ngozi imekuwa nyekundu na nene, ananuka. Tumboni alikuwa na uvimbe mwingi mdogo mdogo ambao sisi tuliuita majipu. Alijikuna mpaka damu. Mama alisema kwao dawa ya upele wa mbwa ni oili chafu ya gari, nikaenda kuiomba gereji, nikampaka, akailamba na kutapika, akazidi kulegea. Zaidi ya hapo tulimtunza kwa usafi. Mama alikuwa na msimamo kwamba mgonjwa hulala pasafi, awe mtu awe mbwa, kwa hiyo kila asubuhi nililifua gunia lake la kulalia na kulitandaza nyuma ya bafu, kwenye mchanga wa kivulini. Jioni nilimtandikia likiwa bado na unyevu kidogo, na likinukia vizuri. Na tulivyozidi kufua, ndivyo majipu yalivyozidi kutokea. Nilikuwa nimefika mahali sijui nifanye nini.

Muadhini alichuchumaa mbali kidogo, akaniambia nimgeuze. Akaangalia tumbo lile kwa muda.

"Hayo si majipu. Kila moja lina mlango," akasema. "Gunia mnaanika wapi?"

Nikampeleka nyuma ya bafu. Akaliona, akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa.

"Nguo zenu mnazipiga pasi?"

"Tunapiga."

"Hata zile za ndani?"

"Hata zile za ndani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya yule inzi."

Kila mtu wa pwani anamjua inzi huyo, anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga wenye unyevu, kisha funza wake wanaingia chini ya ngozi ya mtu. Ndiyo maana hapa kwetu hata taulo hupigwa pasi. Muadhini akalinyoshea kidole lile gunia. "Na hili?" Mimi niliyeishi kwa pasi, haikunijia akilini kwamba gunia la mbwa nalo ni nguo.

Akaondoka, nikadhani ndiyo basi. Akarudi na glavu, kopo la mafuta ya mgando, na pasi ya makaa ya zamani, yenye jogoo wa shaba kwenye kifuniko, kishungi chake kimevunjika. Aliyapaka mafuta juu ya kila tundu, mafuta mengi, akakaa kusubiri. Funza akikosa hewa hujitokeza kutafuta pumzi, na hapo Muadhini alimbana taratibu kwa vidole viwili mpaka akatoka mzima. "Usimpasulie ndani," aliniambia, "ukimpasulia ndani ataoza humo, na kitakachofuata ni usaha." Waliotoka tuliwatia kwenye kopo la maji ya chumvi. Mama alikuwa kwenye kiti chake, akisikiliza.

"Ni wengi?" akauliza.

"Usiulize, dadangu. Utashindwa kula."

Siku hiyohiyo alinisimamia nikimwosha Askari ile oili kwa maji vuguvugu na sabuni, huku akinigombeza kwamba oili ile inaingia mwilini na kuua ini, na kwamba ni ujinga mtupu. Nilikubali. Baadaye fundi wa gereji akaniambia kwamba mtu aliyeufundisha mtaa huu kumpaka mbwa oili chafu, miaka ya nyuma, ni Muadhini huyohuyo, aliyekuwa akija na kopo lake kila mara. Nikamwuliza. Akanikazia macho. "Mie? Sijawahi." Mpaka leo sijui nani kati yao alisema kweli, na wote wawili walikuwa watu wa kuaminika.

Katika siku hizo za funza ndipo alipokuja mzee wa mtaa, na wanaume wawili wenye fimbo. Upande wa Kombani mbwa mwenye kichaa alikuwa ameuma watu, kila mtu ana hofu, na mzee wa mtaa ana wajukuu wanaocheza hapa nje. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole ulionitisha kuliko ukali.

"Dada, mbwa huyu hana manyoya, hali, habweki. Kesho asiwepo. Akiwepo, tutamwondoa sisi."

Mama aliinuka, akapapasa mlango mpaka akalipata lile komeo, akalisukuma kuona kama bado linakwenda. Lilikuwa limeshika kutu. Nilipomwona akifanya hivyo nilitaka kulia.

Muadhini alikuwa bado na glavu zake. Akalibeba lile kopo la maji ya chumvi akampelekea mzee wa mtaa mpaka chini ya pua.

"Kichaa hakitoki kwa kufinywa," akasema. "Hawa wametoka kwa kufinywa. Mbwa ana funza."

Mzee wa mtaa alirudi nyuma hatua. "Na upele je?"

"Upele ataonwa na daktari."

"Na akiuma mtu?"

Muadhini aliliweka kopo chini. Kisha akasema, "Akiuma mtu, adhana itafutieni mwenye kuisoma. Mie nitakuwa nimeiacha."

Hakuna aliyemwomba rehani ya namna hiyo. Wale wanaume wenye fimbo walitazamana. Mzee wa mtaa akasema atasubiri mpaka mwezi mwandamo, na wakaondoka. Nikamgeukia Muadhini nimshukuru, akanikatiza: "Usinishukuru. Mie na mbwa hatuna ujamaa. Kamlete daktari."

Daktari wa mifugo alitoka Kwale, dada mmoja mchangamfu. Alikwangua ngozi ya Askari kidogo kwa wembe, akaenda kuitazama kwa hadubini, akasema ni upele wa vijidudu vinavyochimba ngozini, visivyoonekana kwa macho, na kwamba vidonda vya kujikuna vimeingiwa na maambukizi juu yake. Akampiga sindano, akatupa vidonge na dawa ya kuogea, akamchanja chanjo ya kichaa. Alitufundisha kuipima dawa ya kuogea kama ilivyoandikwa, kwa sababu watu huchukua ile ya kuogesha ng'ombe, wakaikoroga kwa kukisia, na mbwa akaanguka palepale bafuni.

Muadhini alikuwa amesimama langoni, na hakupendezwa. Yeye aliamini muarobaini. Majani ya muarobaini yaliyochemshwa, kwa upele, kwa viroboto, kwa kila kitu, na kitunguu saumu ndani ya ugali ili damu iwe chungu kwa kupe.

"Muarobaini utamtuliza, Mzee, lakini hautamponya," daktari akamwambia. "Na kitunguu saumu usimpe kabisa. Kinaharibu damu ya mbwa."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii, samahani Mzee, lakini ndivyo."

Alinuna. Aliondoka bila kuaga, na jirani mmoja alimsikia akisema njiani kwamba wasichana wa siku hizi wanasomea kuvunjia watu heshima. Siku chache baadaye nikamkuta Kombani, kwenye duka la dawa za mifugo, akinunua dawa ileile ya kuogea. Akaificha nyuma ya kanzu.

"Ya mbuzi," akasema.

Hakuwa na mbuzi.

Askari alipona taratibu. Manyoya yalianza kuota kama vinyweleo vya mtoto, kwanza viwikoni, kisha masikioni. Alfajiri moja, Muadhini alipoanza kuvuta sauti, tukamsikia kutoka uani akijibu, kwanza kwa kukwaruza, kisha kwa pumzi zake zote. Mama alicheka kitandani mwake kama msichana. Mwezi ulipoandama mzee wa mtaa akaja, Askari akambwekea ule mbweko aliomwekea yeye peke yake, na Mama akasema kutoka ndani, "Mzee wa mtaa, karibu." Mzee wa mtaa akatikisa kichwa, akaondoka, na jambo hilo hakulitaja tena. Komeo likaendelea kushika kutu.

Tangu hapo Muadhini alikuja kila Alhamisi baada ya alasiri. Hakumwita Askari kwa jina hata siku moja. Alimwita "yule", au "huyu bwana", au akikasirika, "mwenyewe". Alimkagua kwa mpangilio usiobadilika: ndani ya masikio, kati ya vidole, kwapani, chini ya mkia, chini ya ukanda wa shingo. Kupe alimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja, bila kumzungusha, na aligombana na yeyote aliyekaribia na kiberiti. "Ukimchoma atatapikia ndani ya mnyama, na huko ndiko homa inakotoka." Wakati wote huo alikuwa akimsuta Askari kwa sauti ya chini. "Umetoka wapi na kupe hawa? Huna kazi? Nani amekutuma vichakani?" Na Askari, asiyekubali hata mimi nimshike sikio, alitulia kimya.

Kimya hicho kikawa ndiyo alama yake. Lango likigongwa na Askari asibweke, ukasikia mkia tu ukipiga kwenye bati, Mama alikuwa ameshajua. "Karibu, Muadhini," alisema kabla ya hodi. Jambo hilo lilimfurahisha mno. Kuna siku alijaribu kuingia kwa kunyata, amevua viatu, mtu mzima vile, na Mama akamkaribisha vilevile. Chai yetu hakuwahi kuinywa, lakini kila Ramadhani tende zilikuja kwa Mama, za kwanza, kabla ya jamaa zake.

Mikono yake ndiyo iliyonichanganya kuliko vyote. Hakumgusa mbwa bila glavu. Akimaliza na kuzivua, alitaka mchanga safi aliouchota mwenyewe na kuuweka kwetu kwenye ndoo yenye kifuniko, akaosha mikono mara saba, mara moja kwa mchanga, mimi nikimmiminia kwa birika. Nilijifunza hesabu hiyo mpaka nikawa namkumbusha akipotea. Nikamwuliza ustadhi mmoja ninayemshonea, akaniambia kama kuna mate ya mbwa, hapo huoshwa hivyo, lakini mkono mkavu uliokuwa ndani ya glavu hauna neno. Nikampelekea Muadhini habari hiyo nikidhani namsaidia.

"Ustadhi kasema kweli," akanijibu.

"Sasa?"

"Sasa mimina."

Na pasi nayo vilevile. Nilipotaka kumrudishia akakataa. "Mbaki nayo. Ile ni pasi ya gunia." Nikamwuliza yeye atapigia nini kanzu zake. "Kwani mie nina kanzu ngapi?" akasema, na mimi nikachukulia kwamba nyumbani ana nyingine. Ya kwetu ilikaa chini ya upenu, na kila siku nililipiga gunia la Askari pasi mpaka likatoa moshi, na wapita njia wakacheka. Funza hawakurudi.

Watu walimwuliza kwa nini, yeye muadhini, anajitia kwenye kazi hii, na kila mtu alipewa jibu lake. Muuza samaki aliambiwa kwamba zamani Muadhini alifanya kazi hoteli moja ya Diani na kutunza mbwa wa wageni, na mazoea yamebaki. Mama aliambiwa kwamba mbwa anayejikuna usiku humkatizia usingizi. Kuna waliomsifu msikitini kwa kumtolea habari ya yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa maji, na hao aliwakasirikia. "Mie sitafuti pepo kwa kupe," alisema. Mimi nilimwuliza mwisho, nikiwa namiminia maji. Alifikiri kweli, nikaona anafikiri.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Wewe wajua kwa nini washona?"

Nilikuwa na jibu la swali lake, la kula na kuvaa, lakini nilipotaka kulitoa nikaona halitoshi. Nikaendelea kumimina.

Kisha sauti ikamwacha. Alianza kukohoa katikati ya adhana, akapelekwa hospitali Msambweni, akarudi akisema kwa mnong'ono. Kijana mwenye sauti nzuri akachukua nafasi yake. Alfajiri ya kwanza ya kijana yule, Askari aliinua kichwa, akasikiliza, akakilaza tena chini. Hakumwitikia kamwe. Waliokuwa wakilalamika kelele sasa wakalalamika kwamba hata mbwa anabagua.

Muda si mrefu binti yake akaja kumchukua kwenda kukaa naye Kikoneni. Aliondoka bila kutuaga. Niliumia, sitaficha. Nilikwenda kwake Alhamisi na kukuta mlango umefungwa, ndoo ya mchanga bado iko kwetu, glavu zinaning'inia kwenye msumari, na nikarudi nikiwa na hasira na mtu ambaye sikuwa na haki ya kumkasirikia. Mama naye, kila Alhamisi, lango likitikisika na upepo, aligeuza kichwa kumsikiliza Askari.

Mwaka huu, siku chache kabla ya Ramadhani, nilikuwa kwenye cherehani yangu nikasikia tuktuk inasimama nje. Askari sasa ni mzee, mdomo umekuwa mweupe, haoni vizuri, lakini aliinuka na kubweka ule mbweko mzito usiokatika.

"Mgeni huyo," Mama akasema kutoka ndani. "Nenda katazame. Simjui."

Nje ya lango alikuwa amesimama Muadhini, amekonda, amemshika binti yake mkono. Kanzu yake ilikuwa imenyooka. Sijui nieleze vipi jinsi ilivyokuwa imenyooka: ina wanga, ina mstari mkononi, inanukia udi kutoka mbali. Nikamwamkia, nikaona midomo yake inajibu lakini sikusikia kwa kelele za mbwa. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Askari.

"Hanijui," akanong'ona.

"Twende kando, Baba, atakuuma," binti akasema, kisha akanigeukia kwa aibu na fahari pamoja. "Kanzu nimeipiga pasi mwenyewe. Miaka yote hataki pasi, leo nimemlazimisha. Hawezi kuja kwa watu amekunjamana."

Nilimkemea Askari, hakunyamaza. Muadhini alijitazama mikono ya kanzu, upande huu na upande huu, kama mtu aliyevalishwa nguo ya mwenziwe. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefukuzwa kwake, na mimi nilikosa pa kutazama. Nikakimbilia zile glavu kwenye msumari nikamletea. Akatikisa kichwa. Akainama kwa shida, akaupitisha mkono wake mtupu kwenye mwanya wa lango, chini kabisa, kiganja kikiangalia juu.

Askari alibweka, akasogea, akabweka tena. Akanusa ncha za vidole. Akanusa katikati ya vidole, pale ambapo Muadhini alikuwa akimkagua yeye. Akanyamaza. Mkia ukaanza kupiga bati, polepole, kisha kwa nguvu, na akakilamba kile kiganja chote.

"Muadhini," Mama akaita kutoka ndani. "Mbona hukuniambia ni Muadhini? Karibu, Muadhini."

Alikaa kwenye benchi ya kibarazani, na Askari akajilaza juu ya miguu yake. Mama alitoka akipapasa ukuta, akakaa upande wa pili, hawakusemezana sana. Binti alikuwa amesimama akiangaza macho huku na huku, mpaka yakafika chini ya upenu. Akaenda, akainyanyua ile pasi, akapitisha kidole kwenye jogoo asiye na kishungi.

"Hii ni pasi ya marehemu Mama," akasema. "Mama ndiye alikuwa anampigia kanzu kwa hii. Baada ya arubaini tuliitafuta, Baba akasema ameitoa sadaka. Hatukumwuliza kwa nani." Akaligeukia lile gunia lililonyooka, kisha akanitazama. "Kila pasi niliyomletea baadaye aliigawa."

Nikakumbuka utani wangu wote kuhusu ujane na kanzu. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nikashindwa kujua kipi kitangulie. Nikamgeukia Muadhini. Alikuwa ameuweka ule mkono juu ya goti, kiganja wazi, bado kimelowa.

Nikaenda kuchukua ndoo ya mchanga na birika, kama nilivyozoea, nikasimama mbele yake nimeinamisha mdomo wa birika. Aliutazama mchanga. Aliutazama mkono. Nikawa nasubiri aniambie kwamba yeye na mbwa hawana ujamaa.

"Ngoja kwanza," akasema.

Nikaweka birika chini.